Tundu la Tatu

Kwa miezi miwili mama alikuwa akifungua na kufunga mfereji wa bafuni kwa mwiko. Sikujua. Mimi huenda kumtembelea Jumapili, nakunywa chai, nasikiliza habari za chama chao, narudi kwangu. Siku niliyolala kwake ndiyo niliuona mwiko wa ugali umening'inia kwenye msumari juu ya ndoo, nikauliza unafanya nini bafuni. Akanijibu kama mtu anayeeleza jambo la kawaida kabisa.

"Huo ni wa mfereji. Mfereji unauma."

"Unauma vipi, mama?"

"Si kila saa. Alfajiri, halafu jioni. Ukiushika na mkono una maji, unakupiga mpaka kwenye kiwiko. Lakini nikivaa slipa na kutumia mwiko, hauniwezi."

Nilimuuliza mbona hakumwambia landilodi. Akanitazama tu. Alikuwa na deni la kodi ya mwezi mmoja, na mpangaji mwenye deni hana mdomo wa kulalamika kuhusu mfereji. Basi akatafuta mwiko.

Nilidhani hii ni kazi ya dakika kumi. Nilikuwa na testa, ile bisibisi yenye kitaa kidogo ndani ya mpini ambacho huwaka ikigusa mahali penye stima. Usiku ule niligusisha testa kwenye mfereji: giza. Nikagusa bomba, nikagusa kuta: giza. Nikaanza kufikiri kwamba mama amezeeka. Lakini saa kumi na mbili kasorobo asubuhi alinigonga begani. "Sasa kajaribu." Nikajaribu. Kitaa kikawaka chekundu.

Nikakimbia kwenye swichi kubwa, nikazima stima ya nyumba yote. Friji ikanyamaza. Nikarudi bafuni nikipapasa ukuta, nikagusa mfereji tena. Ndani ya giza lile, kitaa kilikuwa kinawaka vilevile.

Hapo ndipo jasho lilinitoka. Nyumba haina stima, lakini mfereji unayo.

Jibu la fumbo lile lilikuwa na umri mkubwa kuliko mfereji wenyewe, kwa hiyo wacha nirudi nyuma kidogo.

Kampuni ya umeme ya Kenya husimulia kwamba hadithi yake inaanzia Zanzibar, kwa jenereta ya Sayyid Barghash, yule sultani aliyetawala kuanzia 1870 hadi alipofariki mwaka 1888. Mashine hiyo ilimulika jumba lake na barabara za jirani. Mwaka 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harali Esmailjee Jeevanjee, akaichukua, na kampuni ya kwanza ya umeme ya Mombasa ikazaliwa. Yaani stima yetu ilianza kwa mtumba. Mwaka huohuo mhandisi Clement Hirtzel alipewa kibali cha kusambaza umeme Nairobi. Mwaka 1922 kampuni za miji hiyo miwili zikaungana kuwa East African Power and Lighting.

Angalia jina hilo: nguvu na mwanga. Kwa wengi wetu kilichofika kwanza ni mwanga. Taa inahitaji nyaya mbili tu, mmoja wa kuleta moto na mwingine wa kuurudisha. Nyumba nyingi za kupanga zilifungwa nyaya kwa hesabu hiyo: balbu moja kila chumba, labda soketi moja ya redio. Waya wa tatu, ule ambao mafundi wetu wanauita erthi, unaotoka kwenye soketi mpaka kwenye chuma kilichozikwa ardhini, haukuwasha kitu. Ukitaka kupunguza gharama, huo ndio wa kwanza kuachwa. Mpangaji hawezi kujua haupo. Balbu inawaka, redio inaimba.

Halafu maisha yakabadilika ndani ya nyumba zilezile. Pasi ikaja, birika la stima likaja, na baadaye ikaja ile shawa ya kupasha maji papo hapo, ambayo Wabrazili waliizoea kabla yetu na ambayo sasa imejaa bafu za Nairobi. Kile kidude cha plastiki unachokiona juu ya kichwa chako kina koili ndani, na katika nyingi ya shawa hizo koili hiyo imekaa uchi ndani ya maji. Maji yanapita juu yake, yanapata joto, yanakuangukia. Maji yakiwa na chumvi, kama ya visima vingi vya kuchimbwa, yanabeba stima vizuri zaidi. Ndiyo maana madukani kuna shawa zilizotengenezwa hasa kwa maji ya chumvi, koili yake imefunikwa. Kifaa kama hiki ndicho kinachoulilia waya wa tatu kuliko vyote, na sisi tumekifunga katika nyumba za nyaya mbili.

Fundi aliyekuja kwa mama ni mzee wa makamo, mtu wa maneno machache. Nilimweleza habari ya testa na swichi kubwa nikitarajia ashtuke. Hakushtuka. Hata mkoba wake hakuufungua. Aliuliza maswali matatu.

"Inapiga saa ngapi?"

"Alfajiri na jioni."

"Juu yenu anakaa nani?"

"Msichana mmoja na mtoto wake," mama akasema. "Anatoka kazini saa kumi na mbili."

"Na mabomba ya maji, kuna yaliyobadilishwa hivi karibuni?"

Mama akafikiri. Ndiyo, kumbe. Karibu miezi miwili iliyopita bomba la chini lilikuwa limeoza kwa kutu, landilodi akaleta watu wakaling'oa na kuweka la plastiki kutoka kwa mita hadi ukutani.

Fundi akatikisa kichwa kama daktari aliyesikia kikohozi anachokijua. Akanituma juu. Nilibisha hodi, nikamsalimia dada yule, nikamwomba awashe shawa yake. Fundi alibaki chini, testa kwenye mfereji wa mama, akipiga kelele kupitia dirishani.

"Washa!"

Dada akawasha.

"Imewaka! Zima!"

Akazima.

"Imezimika! Washa tena!"

Tulifanya hivyo mara tatu. Dada yule alikuwa amembeba mtoto mgongoni, na mara ya tatu hakusubiri fundi aseme zima. Aliizima mwenyewe, akarudi nyuma hatua mbili. Akaniambia polepole kwamba hata yeye huwa anahisi kitu kikimtekenya anapogusa mfereji wakati anamwogesha mtoto. Alidhani ndivyo shawa hizo zilivyo. Alikuwa anaufunga mfereji kwa taulo kavu.

Baadaye nilizunguka nikiwauliza majirani. Wa nyumba ya nyuma alikuwa anasimama juu ya kibao cha mbao. Mwingine alikuwa ameamua tu kuoga mchana. Kila mtu katika ploti ile alikuwa na mwiko wake, na hakuna aliyekuwa amemwambia mwenzake.

Kule juu fundi alipopanda kukagua, jicho lake halikwenda kwenye shawa kwanza. Lilikwenda kwenye soketi ya sebuleni, ambapo chaja ya pini mbili ilikuwa imechomekwa, na kwenye tundu la juu kumesukumwa kifuniko cha kalamu ya biki. Mnaijua hiyo. Hakuna nyumba nchini isiyo na mtu anayejua kuchokoa tundu la tatu kwa kalamu, njiti au mpini wa kijiko. Fundi akakichomoa kile kifuniko, akamkabidhi dada. "Hili tundu mnalichezea tu," alisema.

Tundu hilo lina historia yake, na haikuanzia kwetu. Mwaka 1942, katikati ya vita, wahandisi wa Uingereza walikaa kamati kupanga jinsi nyumba zitakavyofungwa umeme vita vikiisha. Shaba ilikuwa adimu, kwa hiyo walitaka mtindo unaotumia waya kidogo. Ndipo likaja wazo la waya mmoja kuzunguka nyumba kama pete, na kila plagi kubeba fyuzi yake ndani. Katika kamati hiyo ya watu 20, mwanamke alikuwa mmoja: Caroline Haslett, aliyeongoza chama cha wanawake wa umeme kilichoanzishwa mwaka 1924. Kazi yake ilikuwa kufikiria nyumba kama inavyokaliwa, pamoja na watoto wanaotambaa sakafuni na vidole vyao. Soketi mpya ikapewa vilango vidogo vinavyofunga matundu mawili yenye stima. Vilango hivyo hufunguliwa na pini ya tatu, ambayo ni ndefu kuliko wenzake na huingia kwanza. Kiwango cha plagi hiyo, BS 1363, kilitolewa mwaka 1947, na makoloni tukairithi pamoja na upande wa barabara wa kuendeshea.

Kwa hiyo pini ya tatu ina kazi mbili. Ya kwanza ni kama ya bawabu: mlango haufunguki mpaka yeye aingie. Ya pili ni kubeba erthi. Kifaa cha chuma kikiharibika na waya wa moto ukagusa mwili wake, stima hukimbilia ardhini kupitia waya huo kwa nguvu, fyuzi inakatika, nawe unabaki mzima ukilalamika tu kwamba pasi imekufa. Bila waya huo, pasi haifi. Inakungoja uishike, wewe ndiye uwe njia ya kwenda ardhini.

Chaja ndogo ya plastiki haihitaji erthi, na hilo ndilo linalotupoteza. Tumechokoa tundu la tatu mara elfu kwa ajili ya chaja na hatukufa, basi tunadhani tundu lenyewe ni pambo.

Sasa rudi kwenye mfereji wa mama. Aliyefunga shawa ya juu hakukuta waya wa tatu ukutani. Lakini shawa ilikuja na waya wake wa kijani, naye hakutaka kuuacha uning'inie. Akaufunga kwenye bomba la maji. Hakuwa mjinga. Zamani mabomba yalikuwa chuma kutoka bafuni mpaka chini ya udongo, na kuyatumia kama erthi lilikuwa jambo la kawaida hata huko Uingereza. Kwa miaka, kila dada yule au aliyemtangulia alipooga, stima kidogo iliyovuja kwenye maji ilishuka na bomba, ikazama ardhini, na hakuna aliyejua.

Kisha bomba la chini likaoza, likawekwa la plastiki. Plastiki haiozi, lakini pia haipitishi stima. Siku ile mafundi wa maji walikata njia ya erthi ya jengo zima bila kujua wameikata, kwa sababu haikuwa imeandikwa popote kwamba bomba lile lina kazi ya pili. Tangu hapo, stima ya shawa ilishuka mpaka kwenye chuma kilichobaki, ikakosa pa kwenda, ikakaa hapo ikimngoja mtu mwenye mkono wa maji na miguu mitupu kwenye sakafu iliyolowa. Kuzima swichi ya mama kusingesaidia kitu. Stima haikuwa yake.

Shawa ya juu ilitolewa siku hiyohiyo. Jioni wapangaji sita tulikwenda kwa landilodi pamoja, mama akiwa mbele na slipa zake, deni na yote. Fundi hakuhutubia. Alieleza kwa sentensi mbili alichokiona, akamwonyesha kile kitaa cha testa. Mzee wa watu alinyamaza kwa muda, akauliza ni pesa ngapi.

Jumamosi iliyofuata walichimba shimo nyuma ya jengo. Walipigilia fimbo ndefu ya shaba kwa nyundo kubwa mpaka ikabaki kichwa tu, wakaizungushia makaa na chumvi, wakamwagia maji, kwa sababu udongo mkavu nao hukataa stima. Kutoka hapo wakapandisha waya wa kijani na njano mpaka kila nyumba, na kwenye kila ubao wa stima wakaweka kifaa kinachokata umeme chenyewe kikihisi unavuja. Fundi akamwambia mama kwamba kiangazi kikizidi, amwage ndoo moja ya maji pale kwenye fimbo.

"Kama mche," mama akasema.

"Kama mche, mama."

Anaumwagia kweli, hata wakati wa mvua. Mwiko ulirudi jikoni. Slipa bado anazivaa bafuni, na sijajaribu kumkataza.

Mimi usiku ule nilifika kwangu nikiwa na njaa ya chai. Nikajaza birika, nikachukua plagi yake, na mkono ukasimama hewani. Pini ya tatu haikuwepo. Niliikata mwenyewe kwa msumeno mwaka juzi ili iingie kwenye ekstensheni ya matundu mawili, na tangu siku hiyo birika halikuwa limenisumbua hata mara moja.

Nilichemsha maji kwa gesi.