Picha za Moyo Zinavyobaini Hatari Iliyojificha kwa Watu Wanaoishi na VVU

Watu wanaoishi na Virusi vya UKIMWI (VVU) wanakadiriwa kuwa na hatari takriban mara mbili ya kupata magonjwa ya moyo na mishipa ya damu kuliko wasio na maambukizi. Dawa za kufubaza virusi (ARV) hupunguza madhara hayo, lakini haziyaondoi kabisa. Kinga ya mwili hubaki katika mapambano ya muda mrefu, hali inayoathiri kuta za mishipa na kuchangia mafuta kujikusanya humo.

Kwa kawaida, daktari hukadiria hatari kwa kuangalia umri, shinikizo la damu, lehemu, sukari na uvutaji wa sigara. Makadirio hayo huweza kuonesha kuwa mtu yuko salama ilhali mishipa yake imeanza kuathirika. Hapo ndipo umuhimu wa picha unapoonekana: ECHO huonesha jinsi moyo unavyosukuma damu, na CT-Scan ya mishipa ya moyo huonesha mafuta yaliyojikusanya kabla dalili hazijajitokeza.

Ushahidi umetokana na utafiti wa REPRIEVE uliohusisha watu 7,769 wanaoishi na VVU, wenye umri wa miaka 40 hadi 75, katika nchi 12 ikiwemo Uganda. Miongoni mwa washiriki wa Marekani waliopigwa picha za CT-Scan, karibu nusu walikutwa na mafuta kwenye mishipa ya moyo, ingawa makadirio ya kawaida yaliwaweka katika hatari ndogo au ya wastani. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2023 yalibainisha kuwa dawa ya pitavastatini, iliyotumiwa kila siku, ilipunguza matukio makubwa ya moyo na mishipa, ikiwemo kiharusi, kwa asilimia 35.

Hata hivyo, si kila anayeishi na VVU anahitaji CT-Scan. Hatua ya kwanza ni kupima shinikizo la damu, sukari na lehemu anapohudhuria kliniki, kuacha sigara, kufanya mazoezi na kuendelea na ARV bila kukatisha. Aidha, wenye umri wa miaka 40 na zaidi wanashauriwa kumuuliza daktari kuhusu dawa za kundi la statini, na wasizinunue kiholela, kwa kuwa baadhi yake hazipaswi kutumiwa pamoja na aina fulani za ARV. Mwenye maumivu ya kifua, kupumua kwa shida au udhaifu wa ghafla wa upande mmoja wa mwili awahi kituo cha afya mara moja.