Kerezo na Mali Iliyopita Bagamoyo

Leo napenda kuwaeleza habari za kerezo, chombo cha kuchongea vitu vya mviringo. Huenda wengine wenu hamjakiona, lakini kazi yake mmeiona: miguu ya vitanda vya kale vya pwani, yenye mafundo na shingo nyembamba, ilifanyizwa kwa chombo hiki. Fundi wake huitwa mkereza.

Seremala hukaza ubao, akapitisha randa juu yake. Mkereza hufanya kinyume: patasi hutulia, na mti ndio uzungukao. Kipande cha mti hushikwa baina ya ncha mbili za chuma. Katika kerezo la zamani, upote wa upinde ulizungushwa katika mti huo. Upinde ukivutwa, mti ulizunguka upande mmoja. Ukirudishwa, mti nao ulirudi nyuma. Basi patasi ilikata nusu ya wakati tu, yaani mti ulipozunguka kuielekea.

Ufundi huu ni wa kale sana. Katika nchi ya Misri, kaburi la kuhani Petosiris, la yapata miaka 300 kabla ya Kristo, lina picha ya watu wawili wakikereza: mmoja avuta kamba, mwenziwe ashika patasi.

Sasa tuje Bagamoyo. Katika karne ya 19 mji huu ulikuwa mwisho wa njia ya misafara itokayo Ujiji na Tabora. Wapagazi walitembea miezi mingi, pembe za ndovu mabegani. Pembe zilivushwa kwa majahazi mpaka Unguja, kisha zikapakiwa merikebuni kwenda Bara Hindi, Ulaya na Marekani. Huko nyingine zilikerezwa zikawa mipira ya biliadi na kete za sataranji, nyingine zikapasuliwa kuwa vibao vya piano. Faida kubwa ilipatikana kwenye kerezo, wala si begani mwa mpagazi. Biashara hiyo baina ya mataifa ilikatazwa kwa mapatano ya mwaka 1989.

Hata hivyo Bagamoyo iliona mfano mwingine. Mwaka 1868 Mapadre wa Roho Mtakatifu walianzisha misheni hapo, wakakomboa watoto utumwani, wakawafundisha kazi za mikono, useremala ukiwa mojawapo. Amri za misheni zilikuwa kali. Lakini mtoto aliyeuzwa kama mzigo alitoka akiwa fundi.

Na mpingo je? Mti huu wa nchi yetu ni mzito hata huzama majini, na kiini chake ni cheusi. Magogo yake yamesafirishwa ng'ambo, yakakerezwa yakawa klarineti na obo, ndugu za zumari yetu. Mti mmoja hukua miaka 60 na zaidi kabla ya kufaa, na tangu mwaka 2017 biashara yake baina ya mataifa huhitaji kibali.

Kijiti kidogo chatosha kukereza kishale cha mchezo, mpini wa patasi au kete. Kwa hiyo, msomaji, uonapo gogo la mpingo likipakiwa garini, usiulize bei ya gogo tu. Uliza pia ni nani atakayelikereza, na wapi.