Mchungaji wa Mbombwe

Kanisa lililokamilika mwaka 1913 pale Mbombwe, wilaya ya Chiradzulu, kusini mwa Nyasaland (Malawi ya leo), lilikuwa jengo kubwa la matofali ya kuchoma, lililosimamiwa na Mwafrika. Matofali waliyafyatua waumini wenyewe. Hakukuwa na Mzungu wa kuwaelekeza, na hilo liliwakera walowezi wa jirani kuliko ukubwa wa kanisa lenyewe. Miaka miwili haikutimia. Januari 1915 serikali ya kikoloni ililitegea baruti na kulibomoa.

Aliyelijenga alikuwa mchungaji wa Kibaptisti, John Chilembwe. Leo sura yake imo katika noti za kwacha za Malawi, na kila tarehe 15 Januari nchi nzima hupumzika kwa heshima yake. Shida ni kwamba tunamkumbuka kwa wiki mbili tu za mwisho wa maisha yake, zile za mikuki, bunduki na kichwa cha mlowezi. Miaka 14 ya kuhubiri, kubatiza, kufundisha na kuchoma matofali hupitwa haraka kana kwamba ilikuwa dibaji. Ukiipita miaka hiyo, huwezi kuelewa kwa nini mtu aliyevaa suti na tai, aliyeomba leseni kwa bwana wilaya kabla ya kwenda kuwinda tembo, aliishia kuwaambia waumini wake wachukue silaha.

Habari yake inaanzia jikoni kwa Mwingereza. Joseph Booth alifika Nyasaland mwaka 1892, mjane mwenye binti mdogo, Emily. Hakuwa mmisionari wa kawaida. Alikuwa amefuga kondoo New Zealand na kufanya biashara Australia, na alipofika Blantyre aliwashambulia wamisionari wa Kiskoti kwa kumiliki ardhi kubwa na kula mishahara minono katikati ya watu maskini. Chilembwe, kijana wa Chiradzulu aliyekuwa anatafuta shule, alijitokeza kwake mwaka huo huo. Akampikia, akamlea Emily, akamtafsiria, akamuuguza homa zilipombana. Booth alimbatiza Julai 1893.

Ubatizo ule ulikuwa wa maji mengi, wa mtu mzima aliyekiri imani kwa kinywa chake, kama Wabaptisti wafanyavyo. Lakini kwa Chilembwe jambo kubwa zaidi lilikuwa namna Wabaptisti wanavyoendesha makanisa yao. Hawana askofu. Kila kanisa la mahali hujitawala, humchagua mchungaji wake na hutunza fedha zake. Kwa Mwafrika wa mwaka 1893 hilo halikuwa jambo dogo. Katika misheni za Kiskoti, mwalimu Mweusi aliweza kufundisha miaka mingi akiwa bado chini ya uangalizi. Katika mpango wa Kibaptisti, angalau kwenye karatasi, hakuna kilichomzuia kuwa na kanisa lake mwenyewe kesho asubuhi. Booth alilichukua wazo hilo akalifikisha mbali: mwaka 1897 alichapisha kitabu kilichodai kwamba Afrika ni ya Mwafrika, na serikali ya Nyasaland haikumsamehe.

Mwaka huo huo wa 1897 Booth alisafiri na Chilembwe hadi Marekani. Huko njia zao ziliachana. Wabaptisti Weusi wa National Baptist Convention walimpokea kijana yule, wakampeleka kwenye chuo cha kitheolojia cha Lynchburg, Virginia, kilichoongozwa na mwalimu Mweusi, Gregory Hayes. Chilembwe aliishi kati ya watu ambao wazazi wao walizaliwa utumwani na sasa walikuwa na shule, magazeti, maduka na makanisa yao. Aliona pia upande wa pili: ulikuwa wakati ambao majimbo ya Kusini yalikuwa yakiwanyang'anya Weusi kura na kuwatenga kwa sheria. Alirudi nyumbani mwaka 1900 akiwa mchungaji aliyewekewa mikono, mwenye wafadhili Weusi ng'ambo ya bahari.

Mbombwe alinunua ekari 93 akaanzisha Providence Industrial Mission, misheni ya kazi za mikono. Jina halikuwa pambo. Walilima kahawa na pamba ili kanisa lijilishe, kwa maana fedha za Marekani zilikuja kwa kuchelewa na wakati mwingine hazikuja kabisa. Wabaptisti wa Marekani walimtumia wasaidizi wawili Weusi: Mchungaji Landon Cheek, aliyefika mwaka 1901 na baadaye akamwoa mpwa wa Chilembwe, na Emma DeLany, mwalimu aliyefika mwaka uliofuata. DeLany alifundisha wanawake na watoto. Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa kijana aliyeitwa Daniel Malekebu; habari zake zinakuja.

Cheek na DeLany walipoondoka, mmoja mwaka 1905 na mwingine 1906, mzigo wote ulibaki kwa Chilembwe na mkewe, Ida. Yeye alisimamia darasa la ushonaji na mafundisho ya wanawake. Mumewe alizunguka shule za vijijini, akaandika barua za kuomba msaada, akahubiri dhidi ya ulevi, akakopa. Kufikia mwaka 1912 shule zake zilikuwa na wanafunzi karibu elfu moja. Picha za familia zinamwonyesha akiwa na koti na kola nyeupe, Ida akiwa na gauni refu lenye mikono mipana, mtindo wa Ulaya wa wakati ule. Wapo wanaozicheka picha hizo leo na kuziita za kuiga. Ni haki kusema kwamba Chilembwe aliyaamini mambo ya usafi, kazi na mavazi nadhifu kwa dhati, kama walivyoyaamini walimu wake wa Virginia. Lakini pale Nyasaland suti ilikuwa pia hoja. Mwafrika aliyevaa kofia alitarajiwa kuivua akipishana na Mzungu, na wapo waliopigwa kwa kusahau. Katika picha moja ya mwaka 1914 Chilembwe amesimama kando ya Mwingereza, John Chorley, na kofia yake iko kichwani. Msanii wa Malawi Samson Kambalu aliigeuza picha hiyo kuwa sanamu, ikasimamishwa Trafalgar Square, London, mwaka 2022, Chilembwe akiwa mkubwa zaidi kuliko mwenzake.

Jirani yake mkubwa lilikuwa shamba la Magomero. Msomaji wa Tanzania ana sababu ya kulijua jina hilo. Hapo ndipo Askofu Mackenzie alipoweka kituo cha kwanza cha misheni ya Kianglikana ya UMCA mwaka 1861, kwa ushawishi wa David Livingstone. Homa, njaa na vita vilipowashinda, misheni ilihamia Zanzibar mwaka 1864, na kutoka huko likaja kanisa la Mkunazini na kazi ya kutafsiri Biblia kwa Kiswahili. Ardhi iliyoachwa haikubaki tupu. Iliangukia mikononi mwa Alexander Low Bruce, mume wa Agnes, binti wa Livingstone, na baada yake kampuni ya familia ikamiliki ekari zaidi ya 160,000. Meneja wake alikuwa Mskoti, William Jervis Livingstone.

Wengi walioishi Magomero walikuwa Walomwe waliokimbia dhuluma upande wa Wareno, Msumbiji. Walipewa mahali pa kujenga kibanda, na kodi yake ililipwa kwa jasho, utaratibu ulioitwa thangata. Kwa maelezo ya juu juu, mpangaji alitakiwa kufanya kazi mwezi mmoja kwa ajili ya pango na mwingine kwa ajili ya kodi ya kibanda ya serikali. Pamba ilipoingia, miezi hiyo ilirefuka, na iliangukia msimu wa mvua, wakati ambao mtu anatakiwa awe katika shamba lake mwenyewe. Malipo yalicheleweshwa, na viboko havikuwa vigeni. Hakuna hati ya maandishi iliyomlinda mpangaji, na aliyelalamika alifukuzwa.

Wapangaji hao hao ndio waliojaza mikutano ya Chilembwe. Walitaka nyumba za sala na shule karibu na vibanda vyao, naye akawasaidia kuzijenga. Kampuni ilikataa: ndani ya ardhi yake hapatakuwa na kanisa wala shule. Livingstone alipokuta nyumba za sala zimejengwa, alizichoma moto. Hapa ndipo ninapoona kiini cha mambo yote yaliyofuata. Waandishi wengi huanza na kodi, ardhi na vita, na vyote vilikuwapo. Ila ugomvi wa watu wawili hawa, mchungaji na meneja, ulikuwa kwanza ugomvi juu ya mahali pa kusali. Mtu ambaye mafundisho yake yote yalisema kwamba kanisa la mahali linajitawala aliona makanisa yake yakiteketezwa na mwenye shamba, na serikali haikumgusa mchomaji.

Mwaka 1913 njaa iliingia, na watu zaidi wakamiminika kutoka Msumbiji kutafuta chakula. Chilembwe alikuwa na madeni, pumu ilimsumbua, macho yalianza kufifia, na alimpoteza binti yake. Kisha vita vikaja. Septemba 1914 Wajerumani wa Afrika Mashariki walivuka mpaka wakapigana na Waingereza Karonga, na Waafrika wakafa pande zote mbili. Chilembwe aliandika barua kwa gazeti la Nyasaland Times. Aliuliza kwa nini maskini asiye na sehemu katika utajiri wa nchi amwage damu kwa vita visivyo vyake, na akapendekeza matajiri, wenye mabenki, wenye vyeo na wenye mashamba waende kupigana wenyewe. Ilitoka Novemba 1914, na mkaguzi wa serikali akalizuia toleo zima. Barua ya mchungaji, iliyoandikwa kwa adabu na kupelekwa mahali pa halali, ilikuwa njia ya mwisho ya amani iliyobaki mkononi mwake.

Jumamosi ya tarehe 23 Januari 1915, usiku, watu wake walivamia Magomero. Livingstone aliuawa na kichwa chake kikakatwa. Wazungu wengine wawili waliuawa pia. Wanawake na watoto walichukuliwa bila kuumizwa, kwa amri ya Chilembwe, kisha wakaachiliwa. Kundi jingine lilivunja ghala la African Lakes Company mjini Blantyre kutafuta bunduki, likapata chache. Mjumbe alitumwa kuvuka Ruvuma kuomba msaada kwa Wajerumani wa Tunduru. Jumapili mchungaji aliongoza ibada Mbombwe, kichwa cha Livingstone kikiwa juu ya mti. Hakuna namna ya kulipamba jambo hilo, na wanaomtaja Chilembwe kama mtakatifu wangefanya vizuri kutolificha. Wala si hilo peke yake: misheni ya Wakatoliki ya Nguludi ilishambuliwa, padri akajeruhiwa, na mtoto akafia motoni.

Umma haukuinuka kama alivyotarajia. Tarehe 3 Februari, akielekea mpaka wa Msumbiji, alipigwa risasi na kikosi cha askari Waafrika. Takriban watu 40 walihukumiwa kifo, mamia wakafungwa, na misheni ikapigwa marufuku. Tume ya uchunguzi ilitoa ripoti yake mwaka 1916. Ililaumu makanisa yasiyo na usimamizi wa Wazungu, kama ilivyotarajiwa, lakini haikuweza kuukwepa ukatili wa Magomero, na ilikiri kwamba wapangaji walikuwa na malalamiko ya kweli.

Sasa turudi kwa Malekebu. DeLany alipoondoka, kijana huyo alimfuata hadi Marekani, akasoma na kuhitimu udaktari katika chuo cha Meharry, Tennessee, mwaka 1917. Serikali ya Nyasaland ilimkatalia kurudi kwa miaka kadhaa. Aliporuhusiwa mwaka 1926 alikuja na mkewe, Flora, mzaliwa wa Kongo aliyesomeshwa Marekani, wakaifungua upya misheni pale pale Mbombwe. Daktari mchungaji alitibu, akafundisha, akajenga tena kanisa la matofali. Serikali ilimtazama kwa jicho la shaka mwanzoni, kisha ikamzoea, na yeye kwa upande wake alijitenga na siasa kwa uangalifu ambao baadhi ya vijana wa miaka ya 1950 waliuona kuwa woga. Tusimhukumu haraka: alikuwa anajua kilichozikwa chini ya msingi wa kanisa lake.

Thangata ilichukua muda mrefu zaidi kufa. Sheria ya mwaka 1917 ilijaribu kuibadilisha kuwa pango la fedha, wenye mashamba wakatishia kuwafukuza wapangaji kwa wingi, na sheria ikabaki kwenye makaratasi. Mwaka 1953 kulizuka ghasia Thyolo kwa sababu ile ile. Utaratibu huo ulifutwa mwaka 1962, miaka 47 baada ya Chilembwe kuuawa, na miaka miwili kabla ya Nyasaland kuwa Malawi huru.