Kapteni Mbaye Diagne na Askari Walioondoka Kigali



Ndugu zangu Waislamu, watoto wetu wakiuliza habari za Rwanda ya 1994 huwa tunawatajia wauaji na waliouawa. Tunawasahau wale waliotumwa kulinda.

Mauaji yalipoanza mwezi wa Aprili, Umoja wa Mataifa ulikuwa na askari wapatao 2,500 nchini humo. Tarehe 11 askari wa Ubelgiji waliihama shule ya ufundi ya ETO, Kigali, wakawaacha watu wapatao 2,000 waliokimbilia hapo. Wengi waliuawa siku hiyo hiyo. Tarehe 21 Baraza la Usalama likaamua wabaki askari 270 hivi. Yaani nyumba inawaka moto, wazimaji wanapunguzwa!

Kati ya waliobaki ni Kapteni Mbaye Diagne, Mwislamu kutoka Senegal, mwangalizi asiye na silaha. Aliwaokoa watoto wa Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana, aliyeuawa tarehe 7 Aprili. Kisha akawa anapakia watu wachache wachache garini na kupita nao kwenye vizuizi vya Interahamwe kwa maneno laini, mzaha na sigara, ilhali maagizo yalikuwa kutoingilia. Tarehe 31 Mei kombora likaanguka nyuma ya gari lake, akafariki. Allah amrehemu.

Mwaka 2005 viongozi wa dunia walikubaliana New York kwamba dola ikishindwa kuwalinda raia wake, mataifa mengine yana wajibu. Na mwaka 2014 Baraza lile lile likaagiza ianzishwe medali ya ushujaa yenye jina la Mbaye Diagne. Familia yake ilikabidhiwa ya kwanza mwaka 2016.