Kipimo cha Tangi

Nahodha wa jahazi aliyetia nanga mbele ya Mji wa Kale wa Mombasa, akingoja kusi impeleke Arabuni, alikuwa na hesabu moja nzito ya kufanya kabla ya kutweka tanga. Alipaswa kukata shauri apakie maji ya kunywa kiasi gani. Akipakia machache, mabaharia wake wangeona kiu katikati ya bahari. Akipakia mengi mno, nafasi ya boriti ingepungua, na faida ya safari ingemezwa na maji. Hesabu hiyo ni ya kale kama usafiri wenyewe. Mwaka 1937 hesabu ile ile iliifikia Mombasa kwa njia ya angani, lakini sasa kilichopimwa kilikuwa petroli.

Katika mwezi wa Juni mwaka huo, kampuni ya Imperial Airways ya Uingereza ilianza safari za eropleni za majini kutoka Southampton mpaka Durban. Zilivuka Bahari ya Kati hadi Misri, zikafuata mto Nile kupita Sudan, zikafika Uganda na Kisumu, kisha zikaja Mombasa, na kutoka hapo zikashuka pwani kwa vituo vya Dar es Salaam, Lindi, Msumbiji na Beira. Kila moja ilikuwa na injini nne, na tumbo lake liliundwa mfano wa mashua, ili ishuke majini bila kuhitaji kiwanja. Kisiwa chetu, kilichozungukwa na hori zenye maji matulivu, kiliwafaa sana waruka angani hao.

Tangi za eropleni hizo zilichukua galoni 650 hivi, yaani karibu lita 2,950, zikatosha kuruka kadiri ya kilomita 1,200. Sasa, msomaji, chukua ramani na rula. Kutoka Kisumu mpaka Mombasa ni kama kilomita 700. Kutoka Mombasa mpaka Dar es Salaam ni kilomita 300 na kidogo. Bila shaka utauliza: kwa nini waundaji hawakutia tangi kubwa zaidi, ili vituo vingi virukwe na safari ifupishwe?

Jawabu limo katika uzito. Petroli ya kujaza tangi zile ilikuwa na uzito wa zaidi ya tani mbili, na eropleni nzima pamoja na vyote vilivyomo ilikuwa ya tani 18 hivi. Kila ratili ya petroli iliyoongezwa iliondoa ratili ya kitu kingine. Na mwaka ule kitu hicho kingine kilikuwa na thamani kubwa, kwa kuwa serikali ya Uingereza ilikuwa imeanza mpango wa kuchukua barua za dola yake kwa eropleni bila malipo ya ziada, na njia ya Afrika ndiyo iliyotangulia. Magunia ya barua yalikuwa mengi hata viti vya abiria vikapunguzwa. Tena, petroli nyingi huchoma petroli nyingi, maana injini hufanya kazi ya kuibeba kabla ya kuitumia. Kwa hiyo, palipokuwa na vituo vya karibu, tangi la kiasi ndilo lililokuwa na faida.

Lakini kipimo kinachofaa pwani yetu hakikufaa kila mahali. Kati ya Ireland na Newfoundland hakuna Kisumu wala Lindi, ila zaidi ya kilomita 3,000 za maji matupu. Mwezi wa Julai 1937 eropleni ya aina ile ile, Caledonia, ilivuka bahari hiyo. Lakini ilikuwa imeongezewa tangi, ikavuka bila abiria wala shehena ya kuleta faida. Mwaka 1938 ikajaribiwa njia nyingine: eropleni ndogo, Mercury, ilijazwa petroli hata isiweze kuondoka majini kwa nguvu zake, ikapandishwa juu ya mgongo wa nyingine kubwa, Maia, nayo ikaifikisha angani na kuiachia. Mwezi wa Oktoba mwaka huo, Mercury iliruka kutoka Dundee, Scotland, mpaka Alexander Bay, Afrika ya Kusini, mwendo wa kilomita zaidi ya 9,700 bila kushuka.

Je, kwetu, kwenye vituo vya karibu, hapakuwa na hatari? Ilikuwapo. Tarehe 14 Machi 1939 eropleni iitwayo Corsair, iliyokuwa ikirudi Uingereza, iliondoka Uganda kuelekea Juba, safari ya kilomita 500 tu. Chombo cha redio cha kuonyesha mwelekeo kiliwapotosha, na Juba haikuonekana. Petroli ilipokaribia kwisha, rubani aliuona mto mwembamba, Dungu, karibu na Faradje katika Kongo, akashuka hapo. Eropleni iligonga mwamba ikajaa maji, lakini hakuna aliyekufa. Ilitengenezwa, ikajaribu kuondoka, ikatoboka tena. Hatimaye mto ukajengewa boma la kuinua maji, na tarehe 6 Januari 1940 Corsair ikaruka. Petroli iliyozidi mahitaji ya njia iliyonyooka ndiyo iliyowapa muda wa kuutafuta mto ule.

Sheria hii haibagui kikubwa na kidogo. Hata mwenye eropleni ya mfano, irukayo kwa kuzunguka huku ameishika kwa nyuzi mbili, huchagua tangi lake kwa saa mkononi. Tangi likiwa dogo, injini hunyamaza chombo kikiwa chali angani. Likiwa kubwa mno, pua huwa nzito, na muda aliopewa mashindanoni hupita injini ingali ikivuma.

Wazee husema akiba haiozi. Neno hilo ni kweli, lakini nahodha wa jahazi na rubani wa Corsair wangeliongezea jingine: akiba ina uzito wake. Mwenye busara hupima njia yake kwanza, akaongeza sehemu ya kupotea, kisha akafunga kifuniko cha tangi.