Msalaba Juu ya Kioo

Mnamo mwaka 1976 kampuni ya Exidy ya California, ambayo biashara yake ilikuwa kuunda mashine za michezo zinazochezwa kwa kutumbukiza sarafu, ilitoa mchezo ulioitwa Death Race, nao ndio uliowasha kwa mara ya kwanza ghadhabu ya umma wa Marekani juu ya ukatili katika michezo ya aina hii, ijapokuwa damu yenyewe haikuwamo hata tone. Mchezaji hushika usukani, akakanyaga pedali, akakifukuza kijisanamu cheupe kinachokimbia huku na huku juu ya kioo cheusi. Akikigonga, hutoka ukelele mwembamba, na pale kilipoangukia husimama msalaba ambao haufutiki, bali hubaki kuwa kizuizi cha gari, hata uwanja ukajaa makaburi aliyoyachimba mwenyewe.

Exidy walijitetea kwamba viumbe vile si watu bali ni mazimwi, na kwa jinsi vilivyochorwa kwa nukta chache mno, ni vigumu kukata shauri. Hata hivyo National Safety Council, jumuiya inayohimiza watu kujikinga na ajali, iliukemea, magazeti yakaudaka, na kelele zile zikawavutia wanunuzi.

La kustaajabisha ni kwamba mwaka uliotangulia kampuni ile ile ilikuwa imetoa Destruction Derby, mchezo wa kugonga magari matupu, ambao ndio uliogeuzwa ukawa huu, wala haukuzua zogo la namna hii. Mkono wa mchezaji ulifanya kazi ile ile. Kilichoongezwa ni ukelele na msalaba, yaani ushahidi kwamba tendo limemfika mwenye roho. Nami naona ushahidi huo ndio unaoivuta nafsi, zaidi ya uuaji wenyewe, kwa kuwa binadamu hupenda kuona tendo lake likiacha athari, na hakuna athari iliyo dhahiri kuliko mauti.

Soko lenyewe lilitoa hukumu juu ya jambo hili mwaka 1993, Mortal Kombat, mchezo wa mapigano uliotoka Chicago, ulipoingia majumbani. Nintendo, waundaji wa mashine za michezo ya nyumbani, waligeuza damu kuwa jasho la kijivu. Sega, washindani wao, waliiacha, wakaificha nyuma ya mfuatano wa vitufe ambao upesi kila mtoto aliujua. Mapigo ya kawaida yalikuwa yale yale, na nakala ya Sega ikauzika zaidi. Mwezi Desemba maseneta wa Marekani Joseph Lieberman na Herb Kohl waliitisha kikao cha kuwahoji wenye viwanda vya michezo hii juu ya ukatili wake, na mwaka 1994 wenye viwanda wakaunda ESRB, bodi ya kupanga michezo kwa umri. Mwaka huo huo Mortal Kombat II ikatoka kwa mashine ya Nintendo, na safari hii damu haikuguswa.