Kalamashaka walirap Mau Mau wakati bado ilikuwa haramu

Wasee, hii hawakutufundisha shule. Mpaka 2003, Mau Mau ilikuwa bado kundi haramu kwa sheria za Kenya. Mkoloni alilipiga marufuku 1950, uhuru ukaja 1963, Jomo akatawala mpaka akafa, Moi akakaa miaka 24, na hakuna aliyeigusa hiyo marufuku. Iliondolewa na serikali ya Kibaki, miaka 40 baada ya bendera kupandishwa.

Sasa rudi Dandora, katikati ya miaka ya 90. Mimi sikuwa nimezaliwa, lakini hizi ngoma nilizipata nyumbani. Kama, Johnny na Oteraw wanaanza Kalamashaka. Enzi hizo marapa wengi wa Nairobi walikuwa wanatupa mistari kwa Kiingereza cha kuigiza Marekani. Hawa watatu wakarap Kiswahili na Sheng, vile watu wanaongea kwa ploti. "Tafsiri Hii" ikashika, na ghafla lugha ya mtaa ikawa kitu cha redio.

2001 wakatoa albamu, Ni Wakati. Kwa ngoma yenye jina hilo unasikia sauti ya Malcolm X, halafu wao wanaingia na Mau Mau. Kwa sheria za siku hiyo, walikuwa wanasifu kundi haramu.

Na haikuwa mapambo tu. Mau Mau walipigania ardhi na uhuru. Dandora ilijengwa miaka ya 70 kwa pesa za Benki ya Dunia ili watu wa kipato cha chini wapate ploti, na takataka za jiji zima zikaletwa kumwagwa hapo kando. Ukikua ukivuta huo moshi, swali la uhuru ulimfikia nani halihitaji mwalimu.

Baadaye kundi likakua: Mau Mau wa Dandora wakaungana na Ukoo Flani wa Mombasa, wakawa Ukoo Flani Mau Mau. Mashifta walikuwa humo, Juliani pia. 2004 wakatoa Kilio cha Haki.

Watu hupenda kusema siasa ya muziki wa Kenya ilianza na "Unbwogable" ya Gidi Gidi Maji Maji, 2002. Ngoma kali, sibishani. Lakini Narc waliichukua wakazunguka nayo kwa kampeni, wakashinda. Kalamashaka ungewachezaje kwa jukwaa la mheshimiwa? Walikuwa wanamuuliza yeye maswali. Nadhani ndiyo maana wanatajwa kidogo hivi, na hiyo inaniudhi, maze.

Sanamu ya Dedan Kimathi ilizinduliwa tao 2007, serikali nzima imevaa suti. Watu wanapiga selfi hapo kila siku. Albamu ya wale watatu wa Dandora ilikuwa na miaka sita tayari.